Ghala la Barua Zote

Makereta Lewatu ndiye aliyekuwa fundi wetu wa kompyuta pale Walu Bay, Suva, katika ofisi ya wakala wa meli ambayo kazi yake ni kuwatolea watu mizigo bandarini na kupambana na forodha kwa niaba yao. Mimi nilikaa dawati la jirani naye. Mengi ya haya niliyaona kwa macho yangu, na yale ambayo sikuyaona alinisimulia mwenyewe baadaye, jioni tulizokuwa tunangoja mvua ya Suva ipungue ndipo tutoke.

Mambo yalianza na kompyuta moja kufa. Masanduku yetu ya barua pepe yalikuwa madogo. Yakijaa, kila mtu alihamishia barua zake za zamani kwenye kompyuta yake mwenyewe na kuziacha humo, na ndivyo tulivyozoea. Kisha radi ikapiga, kompyuta ya dawati la mizigo ya Lautoka ikaungua, na barua zote za kontena fulani za mchele zikaenda nayo. Haukupita muda, watu wa forodha wakaja kuuliza habari za kontena hizo hizo. Bwana Narayan, mkurugenzi wetu, alikaa mbele yao bila hata karatasi moja ya kuwaonyesha. Tangu siku ile hakutaka kusikia habari nyingine isipokuwa ya barua pepe. Akamwita Makereta, akamwambia achague njia moja ya kuzihifadhi, ya ofisi nzima, kisha aje aieleze mbele ya wakuu wa vitengo.

Makereta hakuwa na shaka yoyote. Alitaka ghala moja. Kila barua inayoingia na kila inayotoka, nakala yake iende ghalani papo hapo, bila mwenyewe kuulizwa na bila mtu yeyote kuweza kuifuta. Ukitaka kitu unaandika neno, kinakuja. Aliipenda njia hiyo kwa sababu ilikuwa safi. Ilimkera kuona watu wazima wakifuta wanachotaka na kusahau wanachotaka, halafu yeye ndiye anayeitwa akitafute.

Aliyempinga alikuwa Apenisa Kubu, mkuu wa kitengo cha nyaraka. Hawa wawili walikuwa watani. Watu wa kisiwa cha akina Apenisa na watu wa kisiwa cha akina Makereta wametukanana kwa wema tangu enzi za mababu, na wao waliiendeleza kazi hiyo kila asubuhi kwenye chai. Makereta akikata kipande cha pili cha mkate, Apenisa alisema sasa anaelewa kwa nini samaki waliisha kule kwao. Naye alimjibu kwamba afadhali waliomaliza samaki kuliko waliokuwa wakiwakimbia wakidhani ni papa.

Kuhusu ghala, lakini, Apenisa hakutania. Kila mzigo wetu una namba yake, na barua za mzigo huandikwa namba hiyo juu. Alitaka barua zenye namba tu ndizo ziende ghalani, zilizobaki ziwe za mwenyewe, azitunze au azifute apendavyo.

"Mtani, humu ndani kuna watu waliokuwa na anwani ya ofisi kabla hawajawa na simu," alimwambia. "Wameposwa humo, wamezika humo. Wewe unataka kujenga choo cha ofisi nzima halafu usitie mlango."

"Si wasiandike mambo yao kwenye barua za kazi."

"Wameshaandika."

Makereta hakubadili msimamo, kwa hiyo Apenisa akamwomba ahadi moja tu: katika jaribio lake asitie barua za watu. Atie zake mwenyewe, zinatosha kuonyesha. Makereta akakubali. Alikubali mbele yangu, nikiwa nakoroga chai.

Na kweli alianza kwa kuitimiza. Alipakia barua zake ghalani, akaandika neno la kujaribia, zikaja barua chache za wino wa printa. Akaona haya. Nani angevutiwa na ghala la wino wa printa? Siku ya mkutano ilikuwa imekaribia, Bwana Narayan alikuwa mtu wa kuamini macho yake, na Apenisa angesimama pale na maneno yake ya choo na mlango watu wakacheka wakamfuata. Basi Makereta akapakia barua za ofisi nzima, za miaka yote zilizopatikana. Alijiambia kwamba ni jaribio tu, kwamba atazitoa baada ya mkutano, na kwamba hatazisoma.

Hilo la mwisho halikufika hata chakula cha mchana. Aliandika jina lake mwenyewe aone watu wanamsema vipi. Hawakumsema kabisa. "Makereta atakuja kuangalia printa." "Muulize Makereta." "Makereta hayupo leo." Aliniambia kwamba aliifunga ile skrini akijihisi kama mtu aliyepenya dirishani kwa jirani, akakuta hata picha yake haipo ukutani.

Mkutano ulifanyika chumba cha juu kinachotazama gati. Mimi nilikwenda kuandika kumbukumbu. Bwana Narayan alikaa kichwani mwa meza, wakuu wa vitengo wakakaa ubavuni, na karibu na mlango alikaa Anti Shobna.

Anti Shobna Devi ndiye aliyekuwa sauti ya ofisi yetu. Alipokea simu pale mapokezi tangu wengi wetu hatujaajiriwa, na manahodha ambao hawajawahi kumwona uso walimtumia salamu za Diwali. Unapozungumza naye alikutazama usoni moja kwa moja, macho hayabanduki, hata ukajiona unasema jambo la maana. Tulimpenda sana kwa tabia hiyo. Siku ile alialikwa kwa sababu barua zote za anwani ya jumla ya kampuni hupitia kwake.

Makereta alizieleza njia zote kwa haki, hilo siwezi kumnyima. Alieleza ya kuacha kila mtu ajihifadhie, ya kuhifadhi barua za mizigo peke yake, na ya kuhifadhi zote. Kisha akawasha skrini kubwa, akasema ghala hili linaleta neno lolote kabla hujamaliza kuvuta pumzi. Akaomba mtu amtajie neno.

"Lautoka," akasema Bwana Narayan. Zile kontena za mchele zilikuwa bado zimemkaa kooni.

Makereta akaandika. Skrini ikajaa mara moja, barua za karibuni zikiwa juu, kila moja na jina la mwandishi na mistari yake ya mwanzo. Ya kwanza ilihusu kontena. Ya pili ilitoka kwa Shobna Devi kwenda kwa dada yake aliyeko Auckland.

Sote tuliisoma. Maneno yakiwa makubwa namna ile ukutani, macho hayaombi ruhusa. "Didi, daktari wa masikio wa Lautoka anasema la kushoto limekwisha kabisa na la kulia linafuata. Nilikwenda kule ili nisionwe na mtu wa Suva. Ofisini hawajui. Nasoma midomo, na kwenye simu nabahatisha..."

Makereta alikuwa ameipa skrini mgongo. Alikuwa anatutazama sisi, akingoja tushangae, na alipoziona nyuso zetu akadhani tumeshangazwa na wepesi wa ghala lake. Akatabasamu. Ni Apenisa aliyesema, kwa sauti ya chini, "Zima." Hapo akageuka akasoma. Mkono wake ukakimbilia kompyuta ukabonyeza mahali pasipo penyewe, na badala ya kufunga, barua ikafunguka yote.

Anti Shobna aliisoma mpaka mwisho, barua yake mwenyewe, kama vile hajawahi kuiona. Akavua miwani akaikunja.

"Samahani, Bwana Narayan," akasema. "Simu inalia huko chini. Acha nikapokee."

Hakukuwa na simu iliyokuwa inalia. Tulisikia viatu vyake ngazini mpaka chini kabisa, na hakuna aliyethubutu kumtazama mwenzake.

Bwana Narayan alisafisha koo. Akasema, naam, ni wazi kwamba chombo kinafanya kazi upesi. Sidhani kama alikuwa katili. Alikuwa anatafuta la kusema na hilo ndilo lililomjia. Kisha, kwa kuwa alikuwa ameanza kusema, akaendelea, akasema tuchukue njia hiyo, na mimi nikaandika kwamba imekubaliwa. Apenisa akakusanya karatasi zake akatoka.

Kwa hiyo Makereta alishinda.

Siku zilizofuata sote tukawa wema, na wema wetu ulikuwa mbaya kuliko kama tungenyamaza. Watu walimpigia kelele Anti Shobna kumwamkia, wakitamka silabi mojamoja kama wanamfundisha mtoto kusoma. Mwingine alimwandikia kwenye kikaratasi kwamba chai imeiva. Bwana Narayan akamwita, akamweleza kwa heshima zote kwamba anataka kumpunguzia mzigo, akamhamishia kwenye faili, chumba cha nyuma, na kumwahidi kwamba kampuni itamsaidia kupata kifaa cha sikio. Simu akapewa msichana mgeni. Anti Shobna akasema asante. Akachukua mto wa kiti chake na ua lake la plastiki, akaenda.

Kabla ya hapo, Makereta alikuwa akipita njia ya nyuma, kwenye mapipa ya taka, ili asipite mapokezi. Usingizi ukamkimbia. Alijaribu kujitetea kwangu kwamba neno hakulichagua yeye, kwamba lilikuwa la Bwana Narayan, na kabla sijajibu akajikatiza mwenyewe akasema, "Lakini barua nilizitia mimi." Tena na tena alifika hapo hapo.

Apenisa hakumgombeza. Alianza tu kumwita Bi Lewatu. Makereta akikata kipande cha pili cha mkate, chumba kizima kilinyamaza. Makereta alisema ni heri angemtukana, maana matusi alikuwa ameyazoea.

Mwishowe alimfuata akamwomba amsindikize kwa Anti Shobna. Alitaka kupeleka mizizi ya yaqona, ile ya kutwangwa na kunywewa pamoja, kama inavyofanywa kwetu mtu akienda kuomba radhi, na alitaka Apenisa ndiye amsemee, kwa kuwa anayajua maneno ya desturi.

"Ungekuwa umekosea tu ningekusemea," Apenisa akamjibu. "Wewe uliahidi, Bi Lewatu. Nenda ukaseme kwa mdomo wako."

Akaenda peke yake, Jumamosi, hadi Nausori, na fungu la mizizi limezongwa gazeti. Anti Shobna aliishi huko na mumewe, Jagdish, katika nyumba ya bati la kijani iliyozungukwa na bilinganya. Jagdish alikuwa bustanini. Alipoliona lile fungu akalipokea kwa mikono miwili, na Makereta akamwona tayari macho yanatafuta kinu.

"Jagdish, usiiguse hiyo mizizi," Anti Shobna akasema kutoka mlangoni, "mpaka nijue kama nimesamehe au sijasamehe."

Jagdish akaliweka fungu juu ya kiti, polepole, kama anayelaza mtoto. Akarudi kwenye bilinganya zake, ila zile za karibu.

Makereta alikuwa ameyapanga maneno yake njia nzima. Alipoketi tu akayaanza, na Anti Shobna akainua kiganja. "Umekaa upande mbovu. Njoo huku." Akahamia kulia kwake, na katika kule kuhama maneno yote yakampotea. Ikabidi aseme lililobaki. Akasema alimwahidi Apenisa kwamba hatatia barua za watu, kisha akazitia, kwa sababu alitaka kushinda.

Anti Shobna alikuwa anamtazama mdomoni. "Yangu ulikuwa umeisoma kabla?"

"Hapana, Anti."

"Na za wengine?"

Angeweza kusema hapana tena. "Nilitafuta jina langu."

"Ukapata nini?"

"Printa."

Anti Shobna akacheka, kicheko kifupi kilichomponyoka, kisha akakasirika kwa kuwa amecheka.

"Sasa nisikilize. Mimi sikukasirika kwa sababu wamejua. Wangejua tu, siku moja ningempa mtu bei ya mtu mwingine na mambo yakaharibika. Nimekasirika kwa sababu wananipigia kelele kama mbuzi aliyepotea. Na ile simu nilikuwa naiacha mwenyewe. Nilishapanga. Diwali ikipita, ningevaa sari nzuri, nimwendee Narayan, nimwambie sasa basi, nimechoka. Mngenipa maua. Mngesema Anti usituache. Wewe umenitoa pale kwa mistari mitatu ukutani."

Makereta akaanza kulia.

"Usilie," Anti Shobna akamwambia. "Ukilia midomo haisomeki."

Akajizuia. Akauliza kama kuna chochote anachoweza kufanya, na Anti Shobna akamjibu kwamba hajui, kwamba kusamehe atasamehe siku itakapomjia, na isipomjia basi. Baada ya muda akamgeukia mumewe, ambaye alikuwa amepalilia shina moja lile lile tangu mazungumzo yaanze, akamwambia atwange. "Sijasamehe," akaongeza. "Ni kwamba utanisumbua." Wakanywa bakuli kwa bakuli, wakala roti na bilinganya, na hawakulitaja jambo lile tena. Makereta aliondoka hajui kama amepokewa au amevumiliwa tu.

Jumatatu alipanda kwa Bwana Narayan. Alimweleza kwamba lile jaribio alilifanya kwa barua alizoahidi kutozitumia, na kwamba sasa njia anayoichagua ni ile ya Apenisa. Bwana Narayan alikereka. Jambo limekwisha kuamuliwa, akasema, na ghala lenyewe ameliona likifanya kazi kwa macho yake. Makereta akasema hata yeye aliliona.

Bwana Narayan akauliza itakuwaje barua ya mzigo ikiandikwa bila namba ikapotea. Makereta alikuwa amejiandaa kwa hilo. Kila barua inayotoka bila namba mfumo utaisimamisha kwanza, umuulize mwandishi kama ni ya mzigo au ni yake binafsi, ndipo uiache iende. Na hata hivyo ikipotea? Atalaumiwa yeye, akasema, na yuko tayari iandikwe. Bwana Narayan akatikisa kichwa, bado hataki. Ndipo likamjia jambo ambalo bila shaka halikuwa limemjia kabla.

"Zile barua ulizopakia," akasema. "Zangu zilikuwemo?"

"Zote, Bwana."

Aliipanga kalamu yake sambamba na ukingo wa meza. Kisha akasema njia ya Apenisa nayo ina faida zake, na kwamba ghala la jaribio lifutwe leo, si kesho.

Makereta alimwita Apenisa awe shahidi wa kufuta. Nilikuwepo. Alifuta, akaandika "Lautoka" kumwonyesha kwamba hakuna kinachokuja, na kweli hakikuja kitu. Apenisa alitazama ile skrini tupu. Akasema, "Vizuri, Bi Lewatu," akaenda zake. Makereta alibaki ameketi, na aliponigeukia aliniuliza ni nani kati yetu sisi tuliokuwa chumba cha juu anayeweza kufutwa akilini namna ile.

Njia mpya tunaitumia mpaka leo. Watu wanalalamika kwamba mfumo unawauliza maswali kama mama mkwe, na baadhi wanabonyeza "binafsi" kwa kila kitu mpaka Makereta awafuate. Forodha walirudi, wakauliza, tukawapa walichotaka. Hakuna aliyepiga makofi. Anti Shobna alipata kifaa chake, akakivaa sikio la kulia, na kelele zikapungua. Wengi wakasema anaonekana ana raha huko nyuma, amepumzika. Makereta hakuwa akisema hivyo. Alikuwa anamwona saa za asubuhi, simu ya mapokezi ikilia, anavyoinua kichwa kutoka kwenye faili.

Siku moja yule msichana wa simu alikuwa amekwenda kula, simu ikalia, na aliyekuwa karibu ni Makereta. Aliyepiga alikuwa nahodha wa meli ndogo ya mizigo ya Savusavu. Akaulizia karatasi zake, akajibiwa, kisha akauliza yule mama yuko wapi, maana yeye amemzoea yule. Makereta akamwambia yupo, ila amehamia kwenye faili. Nahodha akasema basi msalimie sana.

Makereta akazipeleka salamu chumba cha nyuma, akasimama upande wa kulia. Anti Shobna akaacha karatasi.

"Yupi? Yule anayekohoa?"

Makereta hakujua.

"Alikuwa anakohoa tangu Pasaka. Nilimwambia aende hospitali, akawa ananicheka. Bado anakohoa?"

Makereta akajaribu kukumbuka. Wakati wote wa simu ile alikuwa anawaza atajibu nini akiulizwa habari za Anti Shobna.

"Sikusikiliza, Anti," akasema.

Anti Shobna alimtazama midomo, ingawa kifaa kilikuwa sikioni, kisha akarudi kwenye faili zake. Makereta akarudi mapokezi, akatafuta namba ya yule nahodha, akampigia. Akajitambulisha, akamuuliza habari za kifua chake. Nahodha akashangaa, akasema kifua hakijambo, hali ya hewa tu, na katikati ya kusema hivyo kikohozi kikamshika. Kilikuwa kirefu, cha ndani. Makereta alingoja mpaka kiishe, akamuuliza hospitali amekwenda lini, akasikiliza jibu lote, ndipo akarudi tena chumba cha nyuma kumweleza.